Walichouziana Hitler na Stalin mwezi Agosti 1939

Jioni ya tarehe 23 Agosti 1939, mazungumzo ya mkataba wa kutoshambuliana kati ya Ujerumani na Umoja wa Kisovieti, ndani ya Kremlin, makao ya serikali ya Kisovieti, yalikwama kwa sababu ya bandari mbili. Joachim von Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, alikuwa ametua Moscow mchana wa siku hiyohiyo, na karibu kila kitu kilishakubaliwa. Lakini Stalin alitaka pia Libau na Windau, miji ya pwani ya Latvia ambayo leo inaitwa Liepāja na Ventspils, maana maji yake hayagandi wakati wa baridi kali. Ribbentrop hakuwa na ruhusa ya kuitoa. Akaomba mapumziko, akampelekea Hitler simu ya maandishi. Kabla ya saa sita ya usiku jibu likafika: ndiyo, tumekubali.

Latvia ilikuwa nchi huru, yenye serikali yake, bendera yake na kiti chake katika Shirikisho la Mataifa. Hakuna aliyeiuliza. Bandari zile hazikuwa za Hitler hata awe na haki ya kuzitoa, wala hazikuwa za Stalin hata azidai, lakini hatima yake iliamuliwa kwa simu mbili ndani ya saa chache. Ukilishika jambo hilo moja, sehemu kubwa ya fumbo la mkataba ule inafunguka.

Wengi wetu tulikutana na fumbo hilo shuleni, kwenye orodha ya sababu za Vita Kuu ya Pili: Ujerumani na Umoja wa Kisovieti walitia saini mkataba wa kutoshambuliana, kisha mwalimu anasonga mbele. Mwanafunzi anabaki na swali. Hawa si walikuwa maadui wa kufa na kuzikana? Tangu miaka ya 1920 Hitler alikuwa ameandika kwamba Wajerumani watapata ardhi yao mashariki, kwa kuwanyang'anya Warusi. Alipoingia madarakani mwaka 1933, wakomunisti wa Ujerumani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujazwa kambini. Mwaka 1936 Ujerumani na Japani walifunga mapatano dhidi ya ukomunisti wa kimataifa. Huko Hispania, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka huohuo, ndege za Wajerumani na vifaru vya Wasovieti vilikuwa vikipigana pande mbili tofauti. Na Moscow kwenyewe, aliyetuhumiwa kuwa jasusi wa mafashisti alikuwa na nafasi ndogo ya kubaki hai. Fahali wawili wa namna hii wangekaaje zizi moja?

Hawakukaa zizi moja. Walichokubaliana ni nani ale shamba la jirani yupi, na kwamba wakati mmoja anakula mwenzake asimpige pembe.

Tuisome karatasi yenyewe

Mkataba ule una vifungu saba vifupi. Hakuna atakayemshambulia mwenzake. Mmoja akishambuliwa na nchi nyingine, mwenzake hatamsaidia mshambuliaji. Hakuna atakayejiunga na kundi lililoundwa dhidi ya mwenzake. Muda ni miaka kumi. Mpaka hapo ni lugha ya kawaida ya mikataba ya zama zile. Neno la kuliangalia vizuri ni kwamba kutoshambuliana si ushirika wa kijeshi. Hakuna aliyeahidi kumpigania mwenzake. Kila mmoja aliahidi kukaa pembeni tu.

Mimi naona siri kubwa ya sehemu iliyotangazwa iko kwenye mambo mawili ambayo msomaji wa haraka anayapita. La kwanza ni kifungu kisichokuwepo. Mwaka 1932 Wasovieti walifunga mkataba kama huo na Poland, na ndani yake waliandika kwamba mmoja wao akimvamia mtu wa tatu, mwenzake yuko huru kujitoa. Ndivyo mikataba ya kulinda amani ilivyokuwa. Mkataba wa 1939 hauna mlango huo. Hitler angeweza kumvamia amtakaye na Stalin bado angebaki amefungwa na ahadi yake. La pili ni kwamba ulianza kufanya kazi palepale ulipotiwa saini, bila kungoja kuridhinishwa. Anayetafuta amani ya miaka kumi hana haraka ya namna hiyo. Haraka kama ile ni ya mtu ambaye askari wake wameshasogezwa mpakani.

Kisha kulikuwa na karatasi ya pili, itifaki ya siri. Hiyo ndiyo iliyogawa ramani. Finland, Estonia na Latvia ziliwekwa upande wa Wasovieti. Lithuania upande wa Wajerumani, ingawa mwezi mmoja baadaye ilihamishiwa kwa Wasovieti pia. Bessarabia, iliyokuwa sehemu ya Romania, Wajerumani walisema hawana haja nayo. Na Poland ikakatwa katikati kufuata mito ya Narew, Vistula na San, huku swali la kama nchi hiyo iendelee kuwepo au la likiachwa litazamwe baadaye.

Hitler alikuwa anahesabu siku

Mwezi Aprili 1939 majeshi ya Ujerumani yaliagizwa yawe tayari kuivamia Poland wakati wowote kuanzia tarehe 1 Septemba. Haikuwezekana kuchelewa sana baada ya hapo, kwa sababu mvua za vuli zingegeuza barabara za udongo za Poland kuwa tope, na vita alivyovikusudia vilikuwa vya kasi. Lakini tangu tarehe 31 Machi Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba itasimama na Poland, na Ufaransa ilikuwa pamoja nayo. Kama Wasovieti nao wangejiunga, Ujerumani ingejikuta tena mahali ilipokuwa mwaka 1914, inapigana mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hitler alikuwa askari katika vita vile. Hakuhitaji kuelezwa.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili halipewi uzito unaostahili: chakula na mafuta. Katika Vita Kuu ya Kwanza meli za kivita za Uingereza ziliifungia Ujerumani bahari, na majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917 watu wa mijini waliponea mizizi iliyokuwa ikilimwa kwa ajili ya mifugo. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na nafaka, mafuta, manganizi na fosfati, na reli iliyovuka Siberia ambayo ingeweza kuleta mpira kutoka Asia bila kugusa bahari ya Waingereza. Ndiyo maana makubaliano ya biashara yalitangulia yale ya siasa: tarehe 19 Agosti Ujerumani ilikubali kuwakopesha Wasovieti Reichsmark (fedha ya Ujerumani) milioni 200 ili wanunue mashine, nao walipe kwa malighafi. Mkataba mkubwa zaidi wa Februari 1940 uliahidi tani milioni moja za nafaka na tani 900,000 za mafuta.

Siku moja tu baada ya makubaliano ya biashara, Hitler aliandika simu kwa mtu ambaye kwa miaka yote alikuwa akimtukana hadharani. Aliielekeza kwa "Bwana Stalin, Moscow", akamwomba ampokee waziri wake tarehe 22, au ikishindikana sana tarehe 23. Kwa mtu mwenye majivuno kama yake, ile ilikuwa ni kuomba. Stalin alijibu tarehe 21: aje tarehe 23.

Stalin naye alikuwa na wanunuzi wawili

Kosa tunalolifanya mara nyingi ni kudhani kwamba Stalin alikuwa amekaa anamngoja Hitler. Mwaka ule alikuwa akibembelezwa na pande zote mbili, na upande wa Waingereza na Wafaransa ulianza mapema. Tofauti ilikuwa katika namna walivyokuja.

Septemba 1938, Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, alipanda ndege mara tatu kwenda Ujerumani kuzungumza na Hitler, mpaka Munich walipokubaliana kuimega Chekoslovakia. Wasovieti, waliokuwa na mkataba na Chekoslovakia, hawakualikwa. Wachekoslovakia wenyewe hawakualikwa. Mwaka uliofuata, zamu ya kuzungumza na Moscow ilipofika, Uingereza na Ufaransa zilituma ujumbe wa kijeshi kwa meli ya taratibu. Waliondoka tarehe 5 Agosti, wakafika Moscow tarehe 11, wakati kila mtu Ulaya alikuwa anajua vita vinanukia.

Katika kikao cha kwanza Marshal Voroshilov, aliyeongoza upande wa Wasovieti, alisimama akasoma hati ya serikali yake iliyompa mamlaka ya kutia saini makubaliano ya kijeshi. Akawageukia wageni: hati zenu ziko wapi? Kiongozi wa ujumbe wa Uingereza, Admirali Drax, hakuwa nayo. Voroshilov akauliza tena, safari hii swali lililokuwa roho ya mazungumzo yote: Ujerumani ikishambulia, je, Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Wasovieti, litaruhusiwa kupita Poland ili likutane na adui? Umoja wa Kisovieti haukuwa na mpaka na Ujerumani. Bila kupita Poland wangepigana wapi? Poland ilikataa. Na tusiwalaumu haraka Wapolandi: miaka 19 tu nyuma Jeshi Jekundu lilikuwa limefika milangoni mwa Warsaw, na waliogopa kwamba Warusi wakishaingia hawatatoka. Hofu yao ilikuja kuthibitika kila neno.

Mkono mtupu haulambwi. Waingereza walikuwa wanamwomba Stalin apigane vita ambavyo mzigo wake mkubwa ungembebesha yeye, na kwa malipo hawakuwa na kitu cha kumpa, kwa kuwa kitu alichokitaka kilikuwa ardhi ya watu ambao Uingereza ilikuwa inaahidi kuwalinda. Hitler alimwomba asipigane kabisa, na akampa ardhi hiyohiyo juu. Kiini cha jambo lote kiko hapo. Uingereza isingeweza kuwauza Wapolandi na Walatvia na ikabaki na sababu ya kuingia vitani. Dikteta aliweza, na gharama haikutoka mfukoni mwake.

Upande wa mashariki nako kulikuwa kunawaka. Tangu Mei 1939 majeshi ya Wasovieti na ya Japani yalikuwa yakipigana kwenye mpaka wa Mongolia, kandokando ya mto Khalkhin Gol, na tarehe 20 Agosti, siku ileile Hitler alipoandika simu yake, Jenerali Zhukov alianza shambulio kubwa lililowasambaratisha Wajapani. Stalin hakutaka vita viwili kwa mpigo, sawa na Hitler. Japani ilipopata habari kwamba mshirika wake amefunga mkataba na Moscow bila kumwambia, serikali ya Tokyo ilijiuzulu siku chache baadaye.

Na jeshi la Stalin lilikuwa na jeraha alilolitia yeye mwenyewe. Kati ya mamarshali watano, wenye cheo cha juu kabisa jeshini, waliokuwepo mwaka 1935, watatu walikuwa wameshakufa mikononi mwa dola yake kufikia 1939. Maelfu ya maofisa walikuwa wamefukuzwa, wamefungwa au wamepigwa risasi.

Je, alinunua muda?

Hivyo ndivyo alivyojitetea mwenyewe kwenye redio tarehe 3 Julai 1941, Wajerumani wakiwa wameshaingia ndani ya nchi yake: mkataba uliwapa mwaka mmoja na nusu wa kujiandaa. Utetezi huu umerudiwa sana, na una ukweli fulani. Lakini siukubali kama maelezo kamili, na sababu zangu zinatokana na matendo yake.

Anayenunua muda tu hahitaji itifaki ya siri. Angeweza kubaki nje ya vita bila kuchukua nusu ya Poland, Estonia, Latvia, Lithuania na Bessarabia, wala kuivamia Finland mwezi Novemba 1939. Tarehe 7 Septemba 1939, wiki moja baada ya vita kuanza, Georgi Dimitrov, mkuu wa jumuiya ya vyama vya kikomunisti duniani, aliandika kwenye shajara yake maneno ya Stalin: hawaoni ubaya mataifa yale ya kibepari yakipigana barabara na kudhoofishana. Aliyasema kwa utulivu wa mtu anayengoja wengine wachoke. Matarajio yake yalikuwa vita virefu kama vya 1914, Wajerumani na Wafaransa wakisagana mwaka baada ya mwaka mahandakini. Ufaransa ikaanguka ndani ya wiki sita, Mei na Juni 1940, na hesabu yote ikavurugika.

Tena huo muda ulitumiwa na wote wawili, na Hitler aliutumia vizuri zaidi. Aliteka viwanda vya nusu ya Ulaya, akala nafaka ya Wasovieti na kuchoma mafuta yao. Halafu kuna suala la mpaka. Kabla ya Septemba 1939 Poland ilikuwa katikati. Baada ya kuimaliza, majeshi mawili yalitazamana ana kwa ana kwa mamia ya kilomita.

Kugeuka ndani ya usiku mmoja

Kuna jambo ambalo udikteta uliliwezesha na ambalo serikali ya namna nyingine ingelishindwa. Uwanja wa ndege wa Moscow ulipambwa kwa bendera za swastika, alama ya Wanazi, kumpokea Ribbentrop, na inasimuliwa kwamba bendera hizo zilitolewa kwenye studio za filamu, ambako zilikuwa zikitumika kutengeneza sinema za kuwalaani Wanazi. Hakuna bunge lililouliza. Hakuna gazeti lililopinga. Maxim Litvinov, waziri wa mambo ya nje aliyeamini katika kuungana na nchi za Magharibi, na ambaye alikuwa Myahudi, alikuwa ameondolewa tangu tarehe 3 Mei, nafasi yake ikashikwa na Molotov. Usiku ule Stalin aliinua glasi akanywa kwa afya ya Hitler, akisema anajua jinsi Wajerumani wanavyompenda kiongozi wao.

Hata hivyo alikuwa na mpaka wake. Ribbentrop alipoleta utangulizi uliojaa maneno ya urafiki, Stalin alikataa. Kwa miaka sita tumemwagiana ndoo za kinyesi, alisema kwa maana hiyo, hatuwezi kuwajia watu ghafla na maneno ya mapenzi.

Waliolipa mapema ni waliokuwa wamewaamini. Margarete Buber-Neumann alikuwa mkomunisti wa Kijerumani aliyekimbilia Moscow pamoja na mumewe, Heinz Neumann. Mumewe alikamatwa na kuuawa mwaka 1937. Yeye akapelekwa kambi ya kazi ngumu Karaganda, Kazakhstan. Februari 1940 walimtoa huko, wakampeleka pamoja na wenzake mpaka darajani Brest, mpakani mpya, na maofisa wa Kisovieti wakawakabidhi kwa maofisa wa Hitler. Alikaa kambi ya Ravensbrück hadi Aprili 1945.

Kuaminiana hakukuwepo hata siku moja, na mkataba haukukuhitaji. Ulisimama juu ya haja: maadamu kila mmoja alimhitaji mwenzake akae pembeni, saini ilitosha. Ufaransa ilipoanguka, haja ya Hitler ilikwisha. Tarehe 18 Desemba 1940 alitia saini amri ya kuushambulia Umoja wa Kisovieti. Alfajiri ya tarehe 22 Juni 1941 mizinga ikaanza, saa chache tu baada ya treni ya mwisho ya shehena kutoka kwa Wasovieti kuvuka mto Bug, uliokuwa mpakani, kwenda upande wa Ujerumani. Mkataba wa miaka kumi ulikuwa umeishi miezi 22.

Mstari wa penseli

Ipo ramani iliyochorwa mwezi mmoja baada ya ule mkataba, tarehe 28 Septemba 1939, Poland ikiwa imeshatekwa kutoka magharibi na, kuanzia tarehe 17, kutoka mashariki. Inaonyesha mpaka mpya. Chini yake Stalin ameweka saini kwa penseli ya rangi, herufi kubwa zinazotambaa juu ya miji na mito, na Ribbentrop ameweka yake pembeni pamoja na tarehe.

Moscow ilikana kuwepo kwa itifaki ya siri kwa miaka 50. Tarehe 23 Agosti 1989 watu wapatao milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono kutoka Tallinn hadi Vilnius kudai ukweli, na Desemba ya mwaka huo Bunge la Kisovieti likaukubali na kuulaani.

Upande wa mashariki wa mstari ule, kati ya 1940 na 1941, zaidi ya raia 300,000 wa Poland walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Hitler alipovunja mkataba, Stalin alihitaji washirika, akawaachia walionusurika. Mwaka 1942 makumi ya maelfu walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wenye nguvu wakaingia jeshini. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa mahali, na wengi wakavushwa Bahari ya Hindi hadi kwetu: Masindi na Koja huko Uganda, na Tengeru, nje kidogo ya Arusha, chini ya mlima Meru, ambako kambi ilifikia watu 5,000 hivi, wenye shule yao, kanisa lao na mashamba yao.

Karibu 150 kati yao wamelala Tengeru hadi leo, na makaburi yao yanatunzwa. Wengine, vita vilipokwisha, waliambiwa sasa wako huru kurudi Poland. Lakini mpaka wa mashariki wa Poland mwaka 1945 uliwekwa karibu palepale ulipopita mstari wa 1939, na vijiji walikotoka vilikuwa sasa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Wengi walipanda meli kwenda Uingereza, Kanada na Australia.